Kereng'ende: Mdudu wa kale anayetueleza hali ya maji yetu

KERENG'ENDE ni miongoni mwa wadudu wanaojulikana na karibu kila mtu aliyelelewa karibu na mto, bwawa au shamba la mpunga. Baada ya mvua huonekana ametulia hewani juu ya maji kana kwamba ametundikwa kwa uzi, kisha kufumba na kufumbua huwa ametoweka. Watoto humkimbiza, wavuvi wamemzoea, nao wakulima humwona kila msimu bila kumtilia maanani.

Hata hivyo, mdudu huyu ana historia ndefu kuliko ya ndege, kuliko ya maua na hata kuliko ya dinosaria. Isitoshe, kwa kuwa hawezi kuzaliana pasipo maji, kuwapo kwake au kutoweka kwake ni taarifa muhimu kuhusu mito, vinamasi na misitu ambayo binadamu pia huitegemea.

Kamusi za Kiswahili hulipa neno kereng'ende maana mbili: mdudu huyu, na ndege wa porini wa jamii ya kwale. Makala haya yanamhusu mdudu.

Wanene na wembamba

Wanasayansi huwaweka kereng'ende wote katika kundi liitwalo Odonata, lenye zaidi ya spishi 6,000 zinazojulikana duniani. Wengi wao hugawika katika matawi mawili makubwa.

Tawi la kwanza ni la kereng'ende wanene. Hawa wana miili imara, macho makubwa ambayo kwa wengi wao hukutana juu ya kichwa, na wanapotua huacha mabawa yao yakiwa yametandazwa kando mithili ya ndege ya abiria. Tawi la pili ni la kereng'ende wembamba, ambao miili yao ni kama njiti, macho yao yametengana, na wengi wao hukunja mabawa juu ya mgongo wanapopumzika. Wembamba huruka taratibu na aghalabu hawaendi mbali na majani ya ukingoni mwa maji.

Matawi yote mawili ni ya wawindaji. Jicho moja la kereng'ende mnene huweza kuwa na vijicho vidogo vipatavyo 30,000, jambo linalomwezesha kuona karibu pande zote kwa wakati mmoja. Mabawa yake manne huendeshwa na misuli iliyounganishwa nayo moja kwa moja, hivyo kila bawa laweza kupiga kwa namna yake. Ndiyo sababu aweza kusimama hewani, kugeuka ghafla na hata kurudi kinyumenyume.

Anapowinda hamfuati nzi kwa nyuma. Hukadiria mahali ambapo nzi huyo atafika, kisha akamkatiza njia na kumnasa kwa miguu iliyopangwa kama kikapu. Katika majaribio ya wanasayansi, kereng'ende wamefaulu kukamata windo katika takriban asilimia 95 ya mashambulizi yao. Simba hawezi kuota ufanisi wa aina hiyo.

Licha ya sifa hiyo ya ukali, kereng'ende hana mwiba wala sumu, na hamdhuru binadamu.

Maisha mawili

Kereng'ende anayeruka ni sura ya mwisho tu ya maisha yake. Sehemu kubwa ya umri wake hupita chini ya maji.

Dume humshika jike kwa vibanio vilivyo mwishoni mwa mkia wake, karibu na kichwa. Jike naye hukunja mwili wake hadi kulifikia tumbo la dume kwa mbele, na wawili hao wakafanya umbo la pete au moyo. Mnamo mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Jonathan Waage, alionyesha kwamba dume wa spishi moja ya kereng'ende wembamba kwanza hukwangua na kuondoa mbegu za dume aliyemtangulia, ndipo akaweka zake. Hiyo ndiyo sababu madume wengi huendelea kuwalinda majike hadi wamalize kutaga.

Mayai hutagwa majini, matopeni au ndani ya mashina ya mimea. Kiumbe anayeanguliwa, ambaye huitwa tunutu, hafanani hata kidogo na wazazi wake. Hana mabawa, rangi yake ni ya matope, na mdomo wake wa chini umekunjwa kama mkono. Windo linapokaribia, mdomo huo hufyatuka mbele na kulinasa. Matunutu wa kereng'ende wanene huvuta maji kwa nyuma na kuyatoa kwa nguvu, nao wakasukumwa mbele mithili ya roketi. Wale wa kereng'ende wembamba wana vijani vitatu mkiani vinavyowasaidia kupumua.

Chakula chao ni wadudu wa majini, viluwiluwi vya vyura, samaki wachanga na, jambo linalotuhusu sana, viluwiluwi vya mbu. Katika jiji la Yangon, nchini Myanmar, watafiti waliwashirikisha wakazi kuweka matunutu katika vyombo vya kuhifadhia maji nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kuwa mbu wanaoeneza homa ya dengi walipungua kwa kiasi kikubwa.

Tunutu hujivua ngozi mara nyingi anapokua. Kwa spishi fulani kipindi hiki huchukua majuma machache tu, na kwa nyingine huendelea kwa miaka kadhaa. Hatimaye hupanda juu ya unyasi au jiwe, ngozi ya mgongo ikapasuka, na kereng'ende mwenye mabawa akatoka. Baada ya hapo wengi huishi kwa majuma au miezi michache tu.

Kabla ya dinosaria

Mnamo mwaka 1880, katika machimbo ya makaa ya mawe ya Commentry nchini Ufaransa, kulipatikana kisukuku cha mdudu wa ajabu. Mtaalamu Charles Brongniart alimpa jina la Meganeura mwaka 1885. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine alikuwa na takriban sentimita 65, upana unaokaribiana na wa njiwa. Mdudu mwingine wa ukoo huo, Meganeuropsis, aliyepatikana nchini Marekani, alikuwa mkubwa zaidi kidogo, akifikia takriban sentimita 70.

Meganeura aliishi miaka ipatayo milioni 300 iliyopita, zaidi ya miaka milioni 60 kabla ya dinosaria wa kwanza. Wakati huo nchi zilizo Ulaya leo zilikuwa na misitu mikubwa ya vinamasi. Miti ya misitu hiyo ilianguka, ikafunikwa na matope, na baada ya muda mrefu ikageuka kuwa makaa yale yale waliyokuwa wakichimba wafanyakazi wa Commentry.

Kusema kweli majitu hayo hayakuwa kereng'ende wa leo, bali binamu wa mababu zao. Kwa nini yalikuwa makubwa hivyo? Maelezo yanayotajwa mara nyingi ni kwamba hewa ya wakati huo ilikuwa na oksijeni nyingi, pengine asilimia 30, ikilinganishwa na asilimia 21 ya sasa. Wadudu hawana mapafu. Hewa huwafikia mwilini kupitia vijibomba vyembamba, kwa hivyo oksijeni nyingi ingeweza kuruhusu miili mikubwa. Wengine wanasema sababu ni kwamba hapakuwa na ndege wala popo wa kuwawinda. Mjadala huo haujafungwa.

Majitu yalitoweka, lakini jamii nzima haikuangamia. Katika mawe ya chokaa ya Solnhofen nchini Ujerumani, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 150, kumepatikana kereng'ende waliohifadhiwa vizuri hata mishipa ya mabawa yao huonekana. Ukimweka mmoja wao kando ya kereng'ende wa leo, utatambua mara moja kuwa ni wa nasaba moja. Dinosaria wakubwa walikuja, wakatawala, wakatoweka. Kereng'ende angali yupo.

Nembo ya ushindi, alama ya mvua

Mdudu huyu ameacha alama pia katika sanaa za mataifa mengi, na kila taifa limemsoma kwa namna yake.

Huko Japani, jina moja la kale la nchi hiyo ni Akitsushima, yaani kisiwa cha kereng'ende. Kwa mujibu wa kitabu cha historia kiitwacho Nihon Shoki, kilichokamilishwa mwaka 720, mfalme Jimmu alitazama nchi kutoka mlimani akaifananisha na kereng'ende wawili walioshikana kwa umbo la pete. Masimulizi mengine ya kale yanamtaja mfalme Yuryaku, ambaye alipoumwa na nzi mkononi, kereng'ende alitokea na kumla nzi huyo. Baadaye wapiganaji wa samurai walimwita mdudu wa ushindi, wakaweka sanamu yake kwenye kofia zao za vita, kwa imani kwamba huenda mbele tu wala harudi nyuma. Mchoraji mashuhuri Kitagawa Utamaro naye alimchora katika kitabu chake cha wadudu cha mwaka 1788.

Katika sehemu za Ulaya mambo yalikuwa kinyume. Huko aliogopwa, akaitwa sindano ya shetani, na watoto wakaonywa kwamba angewashona midomo wakisema uongo. Ni mwishoni mwa karne ya 19 ndipo wasanii walipoanza kumtukuza. Mfua vito wa Ufaransa, René Lalique, alitengeneza kati ya mwaka 1897 na 1898 pambo la kifuani la dhahabu linaloonyesha mwanamke akichomoza katika kinywa cha kereng'ende. Pambo hilo limo katika jumba la makumbusho la Gulbenkian mjini Lisbon. Mjini New York, Clara Driscoll wa karakana ya Tiffany alibuni taa ya vioo vya rangi yenye kereng'ende, iliyopata tuzo katika maonyesho ya kimataifa ya Paris mwaka 1900.

Lakini pengine waliomwelewa vyema zaidi ni wenyeji wa nchi kame za kusini-magharibi mwa Marekani, wakiwamo Wahopi na Wazuni. Katika vyombo vyao vya udongo kereng'ende ni alama ya maji. Kwa watu wanaohesabu kila tone la mvua, palipo na mdudu huyu ndipo palipo na uhai.

Msafiri wa pepo za msimu

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanazijua vyema pepo za kaskazi na kusi, zilizoleta majahazi kutoka Arabuni na India kwa karne nyingi na kuyarudisha. Wasilolijua wengi ni kwamba pepo hizo zina abiria wengine wasiolipa nauli.

Abiria huyo ni kereng'ende wa rangi ya manjano aitwaye Pantala flavescens, mwenye urefu wa sentimita zisizozidi 5. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyeishi kwa miaka mingi katika visiwa vya Maldives, alishangaa kuona maelfu ya wadudu hawa wakifika kila mwaka kuanzia Oktoba, ilhali visiwa hivyo havina mito na maji yake baridi ya juu ya ardhi ni haba mno. Bila shaka walikuwa wapita njia.

Mwaka 2009 Anderson alichapisha maelezo yake. Alisema kereng'ende hao hutoka India mvua za huko zinapomalizika, huvuka Bahari ya Hindi wakibebwa na upepo wa juu, na kuwasili Afrika Mashariki wakati wa mvua za vuli. Hapa huzaliana katika madimbwi ya muda, na matunutu wao hukua haraka, hata kwa majuma sita hivi, kabla madimbwi hayajakauka. Upepo unapogeuka, kizazi kipya hurejea India. Mzunguko wote unakadiriwa kuwa kati ya kilomita 14,000 na 18,000, na hukamilishwa na vizazi vipatavyo vinne. Hakuna hata mmoja anayeanza safari na kuimaliza.

Utafiti wa mwaka 2021 uliotumia hesabu za kompyuta ulionyesha kwamba kwa mafuta aliyo nayo mwilini, mdudu huyu aweza kukaa hewani kwa saa zipatazo 90. Muda huo hautoshi kuvuka bahari pasipo msaada wa upepo unaofaa. Pepo zikibadilika kutokana na mabadiliko ya tabianchi, safari yake huenda ikabadilika pia.

Safari hiyo huwafaidi wengine. Kozi wa Amur, ndege wadogo wawindaji wanaovuka bahari hiyo hiyo kuja Afrika, huipitia njia hiyo katika majira hayo hayo, na Anderson alipendekeza kuwa huwala kereng'ende angani wakiwa safarini.

Wa kwetu wasiopatikana kwingine

Si kila kereng'ende ni msafiri. Wapo wasioweza kuishi popote isipokuwa katika vijito vichache vya msituni, na baadhi ya walio adimu zaidi ni wa Kenya na Tanzania.

Katika misitu ya pwani, ikiwamo ya Shimba Hills katika Kaunti ya Kwale, huishi kereng'ende mwembamba mkubwa aitwaye Coryphagrion grandis. Huyu hazaliani mtoni bali katika maji ya mvua yaliyotuama ndani ya matundu ya miti, ambako matunutu wake hula viluwiluwi vya mbu. Cha kustaajabisha ni kwamba jamaa zake wa karibu wako Amerika ya Kati na Kusini. Miongoni mwao ni Megaloprepus, mwenye mabawa mapana kuliko ya kereng'ende yeyote aliye hai, yanayofikia sentimita 19. Wataalamu wengi wanaamini undugu huo ulianza wakati Afrika na Amerika Kusini zilipokuwa bara moja. Basi mti mzee wenye shimo huko Kwale unahifadhi historia ambayo wengine huitafuta ndani ya mawe.

Katika nyanda za juu za Kenya kuna Notogomphus maathaiae, aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005 na watafiti Viola Clausnitzer na Klaas-Douwe Dijkstra. Walimpa jina hilo kwa heshima ya Profesa Wangari Maathai, aliyetuzwa Nobeli ya Amani mwaka 2004 kwa juhudi zake za kutetea mazingira, amani na demokrasia. Jina lilimfaa. Kereng'ende huyu anahitaji vijito safi vyenye kivuli cha miti ya asili, na miti hiyo ndiyo Profesa Maathai aliyoipigania tangu alipoanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 hadi alipofariki mwaka 2011.

Yupo pia Platycypha amboniensis wa vijito vya eneo la Mlima Kenya na Aberdare, aliye katika hatari kubwa ya kutoweka. Ng'ambo ya mpaka, katika msitu wa Amani kwenye milima ya Usambara nchini Tanzania, kuna Amanipodagrion gilliesi, ambaye makao yake yanayojulikana ni madogo mno. Vijito hivyo vikiharibiwa, hana pengine pa kukimbilia.

Bandu bandu huisha gogo

Mwezi wa Desemba mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilitoa kwa mara ya kwanza tathmini ya kereng'ende wa dunia nzima. Kati ya spishi 6,016 zilizochunguzwa, asilimia 16 zimo katika hatari ya kuangamia. Chanzo kikuu ni kuharibiwa kwa vinamasi na mito.

Uharibifu huo hauji kwa siku moja. Leo hukatwa mti mmoja ukingoni, kesho hulimwa hadi majini, keshokutwa humwagwa maji taka. Kivuli kinapoondoka maji hupata joto. Udongo unapomomonyoka matope hufunika mawe ambamo matunutu hujificha. Dawa za kuulia wadudu zinapotiririka kutoka mashambani humwua mlaji wa mbu pamoja na mbu mwenyewe, na mara nyingi ni mbu anayerudi mapema, maana huzaliana upesi zaidi.

Kutokana na hali hiyo, wataalamu katika nchi kadhaa, ikiwamo Afrika Kusini, huwatumia kereng'ende kupima afya ya mito. Palipo na spishi wenye mahitaji magumu, mto bado ni mzima. Pakisalia wale wachache wanaovumilia chochote, mto unaugua. Kipimo hiki hakihitaji mitambo ya gharama kubwa, bali macho ya mtu aliyejifunza kuwatofautisha, na hata wanafunzi wa shule waweza kufundishwa.

Hatua za kumlinda mdudu huyu si ngeni, na ni zile zile zinazomlinda binadamu: kuacha miti ya asili kando ya mito, kutolima ukingoni, kutokausha vinamasi, kuzuia maji taka yasiingie mitoni, na kutumia dawa za shambani kwa uangalifu.

Mwenyeji wa Nyeri anayechota maji ya mto unaotoka Aberdare anayategemea maji yale yale anayoyategemea Platycypha. Tofauti ni kwamba kereng'ende hana mfereji wala kisima cha akiba. Yeye hutangulia kuondoka, na watu ndio hubaki na mto uliokufa. Jamii iliyovuka miaka milioni 300 imekwisha kuthibitisha uwezo wake wa kustahimili. Sasa inahitaji kijito kinachotiririka, na mti wa kukitilia kivuli.